Halloween na sinema za kutisha: historia fupi ya hofu, na pale mchezo unapogeuka maafa



Kila ikikaribia tarehe 31 Oktoba naulizwa maswali yale yale. Halloween ni sikukuu ya shetani? Kwa nini Wamarekani wanachonga maboga? Ile sinema ya "kisa cha kweli" ilitokea kweli? Na ule ujumbe unaosema ukishausoma uwatumie watu kumi, la sivyo usiku utatembelewa na mtoto aliyekufa, ukiufuta inakuwaje? (Hilo la mwisho nalijibu hapa hapa: haiwi chochote. Mimi naufuta kila unapokuja na bado nipo.)

Leo nimeamua kuweka majibu mahali pamoja, kwa mpangilio, ili hata mwenye nusu saa tu kwenye kompyuta ya kulipia apate kitu, na mwenye kutaka kuprinti aprinti. Nasema mapema kabisa: mimi ni mpenzi wa sinema za kutisha tangu enzi za kukodi mikanda ya video, kwa hiyo sikuja kumhubiria mtu. Ninachotaka kuonyesha ni kitu kimoja. Kutishana ni mchezo mtamu, mradi kila anayecheza anajua kwamba ni mchezo. Akitokea mtu akaufuta mpaka huo na kusema "hii ni kweli tupu", kuna watu wataumia. Mifano ipo tele. Twende.

1. NENO HALLOWEEN LIMETOKA WAPI?

Halloween ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya "mkesha wa Watakatifu Wote". Wakatoliki na Waanglikana mnalijua hili: tarehe 1 Novemba ni Sikukuu ya Watakatifu Wote, na tarehe 2 ni siku ya kuwaombea Marehemu Wote. Tarehe 31 Oktoba ni mkesha, basi. Papa Gregori III, aliyeongoza Kanisa mwaka 731 hadi 741, aliweka wakfu kikanisa kwa heshima ya watakatifu wote ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro kule Roma. Mwaka 835, wakati wa Papa Gregori IV, sikukuu ya tarehe 1 Novemba ikaenezwa katika himaya ya Wafaranki.

Upande wa pili wa historia uko Ireland, Scotland na kisiwa cha Man. Watu wa huko walikuwa na sikukuu yao iitwayo Samhain (hutamkwa karibu na "sauwin"). Ilikuwa alama ya mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi, wakati mifugo inaporudishwa kutoka malishoni. Waliamini kwamba usiku ule pazia kati ya walio hai na waliokufa linakuwa jepesi, na viumbe wasioonekana wanavuka kirahisi. Sherehe ilianza jua likizama, kwa sababu kwao siku mpya ilianza magharibi. Hili Mswahili halimpi shida kabisa: hata kwetu usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe.

Sasa, ni ya shetani? Shetani hakuwepo kwenye Samhain, yeye kaja na dini zilizofuata. Asiyetaka kuisherehekea kwa imani yake ana haki yake, tena kamili. Lakini ukiambiwa kwamba ilibuniwa na waabudu shetani, ujue hapo unaingizwa mjini.

2. MABOGA, PIPI NA KUFICHA USO

Uingereza ya kale, maskini walizunguka nyumba hadi nyumba siku za Watakatifu na Marehemu. Waliahidi kuwaombea wafu wa nyumba ile, wakapewa vimkate vidogo. Scotland na Ireland vijana walificha nyuso zao, wakaimba au kughani mlangoni, wakapewa matunda na njugu. Ndiyo mizizi ya watoto wa Marekani kugonga milango wakiwa wamevaa kama mizimu na kusema, kwa maana yake, "nipe pipi, la sivyo nakufanyia vituko".

Na taa? Kule Ireland hawakuanza na boga. Walichimba tanipu, mzizi mnene unaofanana na figili lililonenepa, wakaweka mwanga ndani. Kisa chake ni cha Jack bahili, aliyemlaghai shetani hadi akaahidiwa kwamba hatachukuliwa jehanamu kamwe. Alipokufa, peponi hawakumtaka kwa ulaghai wake, na jehanamu hawakuweza kumpokea kwa sababu ya ahadi. Akatupiwa kaa la moto, akaliweka kwenye tanipu, na mpaka leo anazunguka nalo gizani. Kama unamjua Abunuwasi, Jack si mgeni kwako, ila Abunuwasi alikuwa na bahati zaidi.

Kati ya 1845 na 1852 ugonjwa uliozesha viazi Ireland. Watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakahama, wengi wao wakaenda Amerika. Huko wakakuta boga, kubwa na laini kuchimba kuliko tanipu. Kwa hiyo ukiliona lile boga lenye meno kwenye picha, kumbuka kwamba nyuma yake kuna wakimbizi wa njaa.

Miaka ya 1920 na 1930 usiku wa Halloween Marekani ulikuwa wa fujo: vioo kuvunjwa, mageti kung'olewa, mpaka moto kuwashwa. Miji ikaanza kuandaa magwaride na sherehe za watoto ili kuituliza hali. Mji wa Anoka, jimbo la Minnesota, ulianza mapema, mwaka 1920. Kugawa pipi kukawa njia ya kununua amani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili sukari ikawa ya mgawo (1942 hadi 1947) na mchezo ukafifia. Sukari iliporudi, nao ukarudi kwa kishindo.

3. ILE HABARI YA PIPI ZENYE SUMU

Kila mwaka wazazi wa Marekani huonyana: kagueni pipi za watoto, kuna wagonjwa wa akili wanatia sumu na viwembe. Umewahi kuisikia hata wewe, nina hakika.

Mwanasosholojia Joel Best alifuatilia taarifa za namna hiyo kuanzia mwaka 1958. Hakupata hata kisa kimoja kilichothibitishwa cha mtoto kufa au kuumia vibaya kwa pipi ya mtu asiyemjua aliyokusanya usiku wa Halloween. Nyingi zilikuwa utani, au watoto wenyewe kutafuta kuonekana.

Lakini yupo mtoto aliyekufa kwa pipi yenye sumu. Tarehe 31 Oktoba 1974, jimbo la Texas, mvulana wa miaka 8 alikula pipi ya unga iliyotiwa sianidi. Aliyeitia ni baba yake mzazi, Ronald O'Bryan, aliyekuwa na madeni na aliyekuwa amewakatia watoto wake bima ya maisha. Alijua kila mtu amekwishaamini kwamba mitaani kuna watia sumu, akategemea uvumi umfiche. Hakufanikiwa, alihukumiwa na kuuawa kisheria mwaka 1984 kwa sindano ya sumu.

Hebu soma tena hapo. Watu walimwogopa mtu wasiyemjua, kumbe muuaji alikuwa ndani ya nyumba, amejibanza nyuma ya uvumi wao.

4. SALEM: MJI UNAOUZA UCHAWI

Lile vazi la mchawi wa Halloween mnalijua: kofia ndefu nyeusi, fagio, kikongwe mwenye pua ya ndoano. Ukitaka kuliona kwa wingi nenda Salem, Massachusetts, ambako watalii hujaa kila Oktoba. Tangu 1982 mji una tamasha lake la msimu huo.

Mwaka 1692 mji huo huo na vijiji jirani viliingiwa na hofu ya wachawi. Wasichana wachache walianguka na kupiga kelele, wakataja majina, waliotajwa wakataja wengine. Watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja, Giles Corey, alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Ushahidi mwingi ulikuwa wa "nilimwona kwa roho akinisumbua", kitu ambacho mshtakiwa hawezi kukipinga. Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa 1693 lakini akaponea chupuchupu, jina lake lilisafishwa rasmi mwaka 2022. Hesabu miaka hiyo: 329.

Kumtuhumu jirani hadharani kulichukua dakika moja. Kumsafisha kulichukua zaidi ya karne tatu.

5. RIWAYA ZA KUTISHA ZILIANZA NA KAMBA

Riwaya inayohesabiwa kuwa mama wa riwaya zote za kutisha za Kiingereza ni The Castle of Otranto ya Horace Walpole, iliyotoka mwaka 1764. Toleo la kwanza halikuwa na jina lake. Lilidai kwamba ni tafsiri ya kitabu cha kale cha Kiitaliano, kilichopigwa chapa Naples mwaka 1529 na kugunduliwa kwenye maktaba ya familia moja ya Kikatoliki kaskazini mwa Uingereza. Changa la macho! Toleo la pili likakiri kwamba ameitunga yeye. Yaani fani yenyewe ilizaliwa na maneno "hii ni kweli, imeokotwa".

Mwaka 1815 mlima Tambora ulilipuka kule Indonesia ya leo, majivu yakaziba jua, na 1816 Ulaya haikuona majira ya joto. Vijana kadhaa waliokuwa kando ya ziwa Geneva walifungiwa ndani na mvua. Mwenyeji, mshairi Byron, akasema kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Mary, binti wa miaka 18 ambaye baadaye mwaka huo aliolewa na Shelley, akaanza Frankenstein, iliyochapishwa 1818. Daktari Polidori akaja kutoa The Vampyre mwaka 1819, hadithi iliyomtoa mnyonya damu kijijini na kumvalisha suti ya kibwana. Wachapishaji waliitoa kwa jina la Byron, maana jina la Byron lilikuwa linauza. Usanii haukuanza leo.

Dracula ya Bram Stoker, mzaliwa wa Dublin, ilitoka 1897. Imeandikwa yote kwa shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti, kana kwamba msomaji ameshika faili la polisi. Nayo ni ile mbinu ya Walpole, ila safari hii jina la mtunzi liko kwenye jalada na hakuna aliyedanganywa.

6. KUTOKA TAA YA MOSHI MPAKA SINEMA

Kabla ya sinema kulikuwa na taa ya kurushia picha. Paris, mwaka 1798, mtu aliyejiita Robertson aliwaingiza watu kwenye chumba cha giza. Aliweka taa yake kwenye magurudumu nyuma ya pazia, akaisogeza ili mzimu uonekane unakuja kwa kasi, na mara nyingine akarusha picha kwenye moshi. Wapo waliotoka wakikimbia.

Mfaransa Georges Méliès alitengeneza filamu ya dakika kama tatu mwaka 1896, yenye popo anayegeuka kuwa shetani. Wengi huihesabu kuwa filamu ya kwanza ya kutisha. Mwaka 1922 Wajerumani wakatoa Nosferatu, ambayo kwa kweli ni Dracula iliyobadilishwa majina bila ruhusa. Mjane wa Stoker alishtaki akashinda, mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Bahati nzuri kwetu, nyingine zilikuwa zimeshasambaa. Wanaonakili filamu kinyemela walikuwepo zamani, jamani.

Mwaka 1931 kampuni ya Universal ilitoa Dracula na Bela Lugosi, kisha Frankenstein na Boris Karloff. Hapo ndipo sura tunazozijua zilipogandishwa: joho jeusi, kichwa cha bapa. 1960 Alfred Hitchcock akaleta Psycho, na mtisha-watu akawa kijana mpole wa mapokezi ya hoteli. 1968 George Romero akatoa Night of the Living Dead kwa bajeti ya dola kama 114,000. Wasambazaji walipobadilisha jina la filamu walisahau kuweka alama ya hakimiliki, ikawa mali ya umma tangu siku ya kwanza. Kila zombi unayemwona leo akila watu ni mjukuu wa filamu ile, na Romero hakulipwa kwa wajukuu hao.

Halafu 1978: Halloween ya John Carpenter. Bajeti haikuzidi sana dola 300,000, ilipigwa California wakati wa machipuko, hivyo majani ya vuli ilibidi yapakwe rangi. Kinyago cha muuaji kilikuwa cha dukani, chenye sura ya nahodha wa Star Trek, wakakipaka rangi nyeupe. Ikaingiza takriban dola milioni 70. Somo lake kwa vijana wetu wenye kamera ndogo: kinachotisha ni kile usichokiona vizuri, na giza ni bure.

7. USIKU REDIO ILIPODAIWA KUTIA WAZIMU TAIFA

Tarehe 30 Oktoba 1938, mkesha wa Halloween yenyewe, Orson Welles, kijana wa miaka 23, alirusha kwenye redio ya CBS mchezo kutoka kitabu cha H. G. Wells kuhusu wavamizi wa sayari ya Mihiri. Aliutengeneza kama taarifa za habari zinazokatiza muziki. Kesho yake magazeti yakatangaza kwamba Marekani nzima ilikimbia barabarani.

Ukweli ni mdogo zaidi. Uchunguzi wa wasikilizaji uliofanyika usiku ule ulionyesha kwamba asilimia kama 2 tu ya waliohojiwa ndio waliokuwa wakisikiliza kipindi kile. Walioogopa walikuwepo, lakini hofu ya taifa zima iliandikwa na magazeti, ambayo redio ilikuwa inayanyang'anya matangazo ya biashara. Yaani hata habari ya watu kuamini uongo ilitiwa chumvi.

Kilio cha kweli kilikuja Quito, Ecuador, tarehe 12 Februari 1949. Redio ya huko iliiga mchezo ule bila kuwaonya wasikilizaji. Watu wakamiminika mitaani. Walipoambiwa ni maigizo, hofu iligeuka hasira: umati ulilichoma moto jengo la gazeti la El Comercio, ambamo redio ilikuwa, watu wakiwa ndani. Kadhaa walikufa. Mihiri haikuwa na kosa lolote.

8. "IMETOKANA NA KISA CHA KWELI"

Maneno haya yakitokea mwanzoni mwa filamu, shika pochi yako.

The Texas Chain Saw Massacre (1974) ilitangazwa kuwa ya kweli. Ukweli wenyewe: muuaji mmoja wa Wisconsin, Ed Gein, aliyekamatwa 1957, alitoa wazo la vinyago vya ngozi. Texas haikuhusika, na msumeno haukuhusika.

The Amityville Horror, kitabu cha 1977 na filamu ya 1979, inahusu nyumba ambamo kijana mmoja aliua watu sita wa familia yake mwaka 1974. Mauaji hayo ni ya kweli. Familia iliyofuata ilikaa siku 28, ikahama ikidai mashetani. Baadaye wakili wa yule muuaji alisema hadharani kwamba hadithi ya mashetani waliipika pamoja huku wakinywa mvinyo. Waliokuja kununua nyumba ile baadaye walisumbuliwa na watalii, si na majini.

Mwaka 1980 Mwitaliano Ruggero Deodato alitoa Cannibal Holocaust, iliyotengenezwa kama mikanda iliyookotwa msituni. Iliaminika kiasi kwamba alitiwa mbaroni na ikambidi kuonyesha kwamba waigizaji wake wako hai.

Kisha ukaja mtandao. Mwaka 1999, The Blair Witch Project ilitangazwa kwa tovuti yenye "ushahidi" wa wanafunzi watatu waliopotea. Waigizaji walitumia majina yao halisi na walifichwa wakati wa uzinduzi. Filamu ya makumi ya maelfu ya dola ikaingiza karibu dola milioni 248. Lakini mama wa mmoja wa waigizaji alipokea kadi za rambirambi za mwanawe aliye hai, na kijiji cha Burkittsville, Maryland, kiliibiwa vibao vyake na mashabiki.

Na hili ndilo linalonikosesha raha. Tarehe 10 Juni 2009, Eric Knudsen aliweka kwenye mtandao picha mbili za kutengeneza, zenye mtu mrefu asiye na uso aliyevaa suti. Akamwita Slender Man. Ilikuwa shindano la kutunga picha za mizimu, kila aliyekuwepo alijua. Picha zikanakiliwa mahali pengine bila maelezo, kisha kwingine, mpaka mwanzo wake ukapotea. Tarehe 31 Mei 2014, kule Waukesha, Wisconsin, wasichana wawili wa miaka 12 walimchoma mwenzao visu mara 19 wakiamini wanamridhisha Slender Man. Mtoto alitambaa hadi barabarani, akaokolewa na mwendesha baiskeli aliyekuwa akipita. Waliomchoma mahakama iliwapeleka hospitali ya magonjwa ya akili. Knudsen hakumdanganya mtu yeyote. Kilichopotea njiani ni ile lebo tu, ile inayosema "huu ni mchezo".

9. NA HUKU KWETU?

Hadithi za kutisha hatukuagiza nje. Bibi zetu walitutisha kwa zimwi kabla hatujajua televisheni. Miaka ya mwanzo ya 2000, Mussa Banzi alituletea Nsyuka na Shumileta kwenye mikanda, na wengi mlilala taa zikiwaka, msibishe.

Kuna kiungo kimoja ambacho wengi hawakijui. Maiti aliyefungwa vitambaa wa filamu ya The Mummy (1932) na neno letu "mumiani" ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka neno la Kiajemi na Kiarabu la dutu nyeusi kama lami iliyotumika kama dawa. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 inaeleza kwamba mumiani ni dawa ya aina hiyo, na kwamba watu wengi waliamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Kutoka kwenye dawa, jina likahamia kwa wanaodaiwa kuikamata hiyo damu. Enzi za ukoloni, Nairobi hadi Kampala, wazimamoto walituhumiwa vivyo hivyo. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima mwaka 2000 kuhusu uvumi huo.

Halafu Popobawa. Mwaka 1995 hofu ilianzia Pemba ikavuka Unguja. Familia zililala nje zimezunguka moto, watu wakikesha kwa zamu. Kwa mbali inachekesha, na waandishi wa nje waliichekea sana. Lakini mtu mmoja mwenye matatizo ya akili, aliyetoka Bara, aliuawa na umati uliodhani yeye ndiye Popobawa.

Na yule kikongwe wa Halloween mwenye kofia? Kwetu, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho yao ni mekundu kwa sababu wamepikia kuni na samadi maisha yao yote. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu mganga fulani alisimulia hadithi ya utajiri na mtu akaiamini. Huko Salem ya leo vazi la mchawi ni la kupigia picha. Kwetu tuhuma ya uchawi bado ni mapanga.

10. VIPIMO VITANO KABLA YA KUSAMBAZA

a) Nani aliyeona? "Binamu wa rafiki yangu" si shahidi.
b) Wapi na lini? Kisa cha kweli kina mtaa, tarehe na jina la kituo cha polisi. Kamba ina "hivi karibuni, mkoa fulani".
c) Nani anafaidika? Kuna anayeuza filamu, gazeti, dawa, au anaficha deni kama yule baba wa Texas.
d) Ujumbe unakulazimisha kuusambaza? Riwaya ya Kijapani ya Koji Suzuki ya 1991, iliyozaa filamu ya Ringu (1998), inahusu mkanda unaoua asiyeunakilisha. Suzuki alijua anatunga. Aliyekutumia ule wa "watu kumi" anakufanya wewe kuwa mashine yake ya kunakili.
e) Kuna mtu anatajwa kwa jina au kwa sura? Hapo simama. Hadithi ya zimwi haimuumizi zimwi. Hadithi inayomtaja bibi wa nyumba ya tatu inaweza kumchomea nyumba usiku huo huo.

Kwa hiyo wadogo zangu, vaeni vinyago mkitaka, zimeni taa, angalieni Nosferatu mpaka asubuhi. Mkimaliza, washeni taa mseme "ilikuwa sinema". Mwenye hadithi ya kutisha ya kwao aimwage hapo chini kwenye maoni, nazisoma zote. Ombi langu ni moja: mwanzoni aandike wazi kama kaitunga, kasimuliwa, au kaiona kwa macho yake.

Tuko pamoja.